Pingu haitoki kwa kutengua gumba: namna ya kulihudumia gumba lililoumia

Nianze na uzi. Chukua uzi wa kushonea au kipande cha kamba nyembamba ya wavu, uzungushe kwenye kifundo cha mkono wako, pale pingu inapokaa, kisha utie alama. Sasa nyoosha vidole na uzungushe uzi huohuo kwenye vifundo vinne vya mgongo wa kiganja, gumba ukiliacha nje kabisa, kana kwamba hukuzaliwa nalo. Karibu kila mtu mzima atakuta uzi, ukiishia kwenye ile alama, haufiki. Utapungua sentimita mbili, tatu, kwa wengine nne. Hadithi yote ya kuchomoka kwenye pingu kwa kutengua gumba inaishia hapo. Hata gumba lisingekuwepo, mkono uliobaki ungekuwa bado mpana kuliko mahali pingu ilipobana.

Kazi yangu ni kufunga hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa au kiungo kilichoumia. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha plasta hapa Kigoma mjini, na wavuvi wa Kibirizi na Katonga wananiita dada wa hogo. Magumba nayaona ya kila namna: la mvuvi lililonaswa na kamba wakati wavu unavutwa, la dereva wa bodaboda aliyeanguka mkono ukiwa bado umeshika usukani, la golikipa wa timu ya mtaa. Hao ajali imewafuata. Wanaoniumiza moyo ni vijana wanaolitengua wenyewe. Kijana ametoka kibanda umiza, ameangalia mkanda ambao mtu kafungwa pingu, akalikandamiza gumba lake sakafuni, likalia, akavuta mkono ukatoka. Mtafsiri anashangilia, ukumbi mzima mayowe. Kesho yake kijana wa kidato cha pili anakaa mbele yangu, gumba limevimba mpaka ngozi inang'aa, na mama yake amesimama mlangoni na daftari la matibabu mkononi. Waliwekeana dau na wenzake.

Tuangalie ndani kunatokea nini, maana kijana akielewa mifupa yake hahitaji kutishwa.

Gumba lina vifupa viwili vya kidole. Chini yake kuna mfupa wa kiganja, nao umekalia kifupa kidogo cha kifundo kiitwacho trapeziamu. Mifupa hiyo miwili imekaliana kama tandiko na mgongo wa punda, ndiyo maana gumba linazunguka na kugusa ncha ya kila kidole. Wanaosema "natengua gumba" huwa wanazungumzia kiungo cha juu yake, pale kidole kinapoungana na mfupa wa kiganja. Kiungo hicho kikitoka, mara nyingi kidole kinapanda juu ya mgongo wa mfupa wa kiganja. Kinapanda, hakizami. Gumba linakuwa fupi na nene, na mahali palepale ulipotaka papungue pameota nundu. Misuli ya shina la gumba, ile nyama iliyojaa kwenye kiganja, inakaza kwa maumivu na kuishikilia nundu hiyo. Damu na maji vinaanza kujaa ndani ya dakika chache. Mkono unanenepa huku pingu imebaki ileile.

Kizuizi kingine ni mifupa ya kiganja yenyewe. Ya kidole cha pete na kidole cha mwisho inalegea kidogo. Ukikunja kiganja utaiona inasogea. Lakini ya kidole cha shahada na cha kati imeshikamana na kifundo, haisogei karibu hata kidogo. Ndiyo nguzo ya mkono, na gumba halina mamlaka juu yake.

"Mbona fulani alitoka?" Nasikia sana swali hilo. Wapo watu wenye viungo legevu tangu kuzaliwa, na wapo wenye mikono midogo na kifundo kinene. Pingu ikifungwa kwa kulegea kwa mtu wa namna hiyo, mkono unatoka bila kutengua chochote, kama bangili inavyovuliwa. Watu waliokuwa pembeni wanaongezea gumba kwenye simulizi kwa sababu linanogesha.

Hata bingwa aliyeipa dunia hamu ya mchezo huu, Harry Houdini, aliyezaliwa Budapest mwaka 1874 na kufariki Detroit mwaka 1926, alijulikana kwa kuyasoma makufuli. Alikusanya pingu za kila aina, akajifunza tumbo la kila moja, akawa stadi wa funguo na vipande vya waya. Mwezi Machi mwaka 1904 jijini London gazeti moja lilimletea pingu zilizotengenezwa maalumu kumshinda, naye alihangaika nazo zaidi ya saa nzima jukwaani. Mtu ambaye angeweza kutegua gumba na kuondoka asingekaa saa nzima.

Pingu nazo zimebadilika tangu hapo. Zile za meno yanayoteleza upande mmoja zilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1862, na mwaka 1912 ikaja aina ambayo upinde wake unazunguka na kujifunga wenyewe ukigonga mkono. Hizo ndizo mama wa pingu za leo. Meno yanaingia, hayarudi. Kama askari hajafunga kufuli ya pili, ile inayosukumwa kwa kincha kidogo cha ufunguo, basi kila ukivuta, ukijipindua au ukikalia mikono, jino jingine linaingia na pingu inabana zaidi.

Hapo ndipo penye hatari ambayo mikanda haionyeshi kabisa. Weka kidole cha shahada cha mkono mmoja kwenye kifundo cha mwingine, upande wa gumba, juu ya mfupa. Hapo chini ya kidole chako unapita mshipa wa fahamu unaokwenda mgongoni mwa gumba. Juu yake hakuna msuli, ni ngozi tu. Chuma kikibanwa hapo na mtu akavuta, mshipa unapondwa kati ya chuma na mfupa. Baadaye mtu analalamika ganzi na kuchomwachomwa mgongoni mwa gumba hadi kwenye uwanda kati yake na kidole cha shahada. Daktari Wartenberg aliieleza hali hiyo mwaka 1932. Kwa wengi inarudi sawa, ila ni kwa wiki au miezi.

Kwa hiyo, ukiwa na pingu mkononi, fanya hivi. Tulia. Usivute, usizungushe, usikalie mikono. Kama uko chini ya ulinzi, sema kwa adabu na kwa sauti ya kusikika: "Afande, pingu imebana, mkono unakufa ganzi, naomba uilegeze na uifunge kufuli ya pili." Pingu iliyofungwa vizuri inaacha nafasi ya ncha ya kidole kati yake na ngozi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliyekamatwa asizuiwe kwa kiwango kinachozidi kile kinachohitajika kumzuia asitoroke, hivyo kuomba kulegezewa si ukaidi. Kutoroka chini ya ulinzi halali, kwa upande mwingine, ni kosa jipya juu ya lile ulilokamatiwa. Ukiachiwa na ganzi bado ipo, nenda hospitali mapema, na mweleze daktari ilianza lini na mkono upi.

Kama ni pingu za kuchezea, watoto wamefungana na ufunguo umepotea, inua mkono juu ya usawa wa moyo, uupoze kwa maji baridi, umtulize mtoto. Sabuni inasaidia pale tu pingu ilipokuwa imelegea tangu mwanzo. Isipotoka kwa kuteleza kwa upole, acha. Mwite fundi mwenye mkasi wa kukatia chuma akate mnyororo kwanza ili mikono iachane na mtoto apumzike, ndipo mfikirie duara lenyewe. Msikubali grainda iwashwe karibu na ngozi: chuma kinapata moto haraka kuliko mnavyodhani, na cheche zinaingia machoni. Vidole vikiwa vya bluu, vyeupe au vya baridi, achana na fundi, nendeni hospitali na pingu yenu mkononi.

Sasa gumba lenyewe. Limeumia tayari, kwa pingu, kwa kamba, kwa mpira au kwa pikipiki, huduma ya mwanzo ni moja.

Vua pete, saa na bangili kabla uvimbe haujafika. Nimeona pete ya ndoa ikikatwa kwa sababu mtu alingoja hadi jioni. Kisha tafuta barafu. Hapa kwetu haina shida, Kibirizi inauzwa ya kuhifadhia samaki. Itie kwenye mfuko safi wa plastiki, uufunge kwa kitambaa, ukande dakika 15 hadi 20, uondoe, urudie baada ya saa mbili au tatu. Barafu tupu juu ya ngozi inaunguza.

Halafu lifunge lisicheze. Kata kipande cha boksi gumu, kirefu kutoka ncha ya gumba hadi nusu ya mkono wa mbele, ukikunje kidogo kifuate umbo. Mwambie mgonjwa ashike mkono kama vile ameshika glasi ya maji, asinyooshe gumba na asilikunje ndani ya kiganja. Weka pamba au kitambaa laini ndani ya boksi, kisha zungusha bendeji au utepe wa khanga kuanzia kwenye mkono kwenda kwenye gumba. Ncha ya kucha ibaki wazi. Kucha hiyo ndiyo itakayokwambia kama umekosea: ibonyeze iwe nyeupe, iachie, rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa, umebana mno, legeza. Rudia kuibonyeza njiani, kwa sababu uvimbe unaendelea kuja. Mtu anayetoka Kagunga kwa boti atakaa majini saa nyingi, na bendeji iliyokuwa sawa asubuhi inaweza kuwa imebana mchana. Tundika mkono shingoni kwa khanga, kiganja kikae juu kidogo kuliko kiwiko.

Gumba likiwa limekaa upande usio wake, limefupika au limepinda, usile mlo mkubwa njiani. Huenda ukahitaji dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa litakuchelewesha.

Na usilivute. Najua kila mtaa una mtu wa "lete nilirudishe". Kiungo cha gumba kimekingwa chini na bamba la nyama ngumu. Kikitoka kwa namna rahisi, mtaalamu anakisukuma kwa utaratibu kikarudi. Mtu akikishika na kukivuta kwa nguvu kwenda mbele, bamba lile linaweza kuingia katikati ya mifupa miwili, likanasa. Tangu hapo hakuna mvutano utakaokirudisha, ni chumba cha upasuaji. Jeraha ambalo lingeisha kwa kazi fupi limekuwa la kisu, kwa sababu ya huruma ya jirani.

Kuchua nako tuache, hasa siku mbili tatu za mwanzo. Maji ya moto na mawese yanaleta nafuu ya muda kwenye misuli iliyochoka, lakini juu ya kano iliyochanika au mfupa uliovunjika yanazidisha damu na uvimbe. Waunga mifupa wetu wa jadi nawaheshimu. Wapo wazee huku kwetu wenye mikono ya upole kuliko ya baadhi yetu tuliosomea. Ila kipimo cha eksirei hawana, na vijiti vikikazwa sana mkono unaweza kufa. Ukiwa umeshafungwa huko na maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinabadilika rangi au ganzi inapanda, fungua hapohapo, hata kama ni usiku, uende hospitali.

Kuna majeraha matatu ambayo watu wanayapuuza, na ndiyo yanayowagharimu.

La kwanza ni kano ya upande wa ndani wa gumba, ule unaotazamana na kidole cha shahada. Mwaka 1955 daktari Campbell aliiona imelegea kwa watunza wanyamapori wa Scotland, kwa sababu ya namna walivyokuwa wakivunja shingo za sungura. Huku kwetu naiona kwa bodaboda: anaanguka, usukani unalisukuma gumba kwenda nje, kano inakatika. Naiona kwa golikipa na kwa mvuta nyavu. Gumba halijapinda, eksirei inaweza kuwa safi, mtu anarudi kazini. Baada ya miezi anashangaa hawezi kuzungusha ufunguo mlangoni wala kufungua kifuniko cha chupa. Jipime hivi, kwa upole: bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzako aivute taratibu. Fanya mkono mzima kwanza, kisha ulioumia. Ukiona ulioumia unaiachia, au panauma sana ndani ya shina la gumba, mwambie daktari neno kwa neno: "Naogopa kano ya gumba imekatika." Usilisukume gumba kwenda nje ili kupima, unaweza kumalizia kilichobaki. Mwaka 1962 daktari Stener alionyesha kwamba kano iliyokatika kabisa inaweza kuchomoka na kulala juu ya utando wa msuli jirani. Ikishalala huko haiungani yenyewe hata ufungwe hogo mwaka mzima. Inahitaji kushonwa, na wiki mbili tatu za mwanzo ndizo za thamani.

La pili ni mfupa mdogo wa kifundo uitwao skafoidi. Inua gumba juu, utaona kishimo kinajitokeza chini yake, kati ya kano mbili zilizosimama. Mtu akianguka kwa kiganja na kishimo hicho kikauma ukikibonyeza, mhesabu kuwa amevunjika hadi ithibitike vinginevyo. Picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Hapo mgonjwa anaambiwa hana kitu na yeye anafurahi. Anatakiwa afungwe, apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Damu ya mfupa huu inaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika katikati na ukaachwa, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa. Nimewaona wanaume wenye umri wa miaka thelathini tu ambao kifundo chao hakiwezi tena kunyanyua gunia la dagaa, na ukiwauliza, wanakumbuka kuanguka kwa miaka ya nyuma ambako "hakukuwa na kitu".

La tatu, kuvunjika shinani kwa mfupa wa gumba, kulikoelezwa na daktari Bennett wa Dublin mwaka 1882, kunawapata wapigana ngumi na wanaoangukia ncha ya gumba. Shina linavimba na gumba linaonekana limerudi nyuma. Hilo linakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kukiwa na kidonda, hata kidogo, cha ndoano au cha jino la mtu uliyempiga ngumi, safisha kwa maji mengi safi na sabuni na uende leo. Jino la binadamu linaingiza vijidudu ndani ya kiungo kwa haraka ya kutisha. Ulizia na chanjo ya pepopunda. Kama umepata ajali barabarani au umepigwa, ndugu mmoja afuatilie PF3, ile fomu ya matibabu, polisi wakati wewe unaelekea hospitali.

Ukishafungwa hogo, vidole vinne vilivyo huru vichezeshe kila saa, vikunje na kuvinyoosha, vinginevyo vitakakamaa. Hogo lisilowe; ukienda kuoga lifunge mfuko wa plastiki na mkono uuinue. Likiwasha, usiingize njiti ya mfagio wala spoku. Kidonda ndani ya hogo hakionekani, kinanuka tu, na mpaka kinuke kimeshakuwa kikubwa. Harufu mbaya, homa, maumivu yanayopanda au vidole kuvimba na kuwa bluu ni sababu ya kurudi hata siku si ya miadi. Kano iliyochanika kidogo kwa kawaida inakaa wiki nne hadi sita. Skafoidi inaweza kwenda wiki nane, kumi, hata kumi na mbili. Naomba wavuvi wanisikilize hapa: giza la mwezi, wakati wa kuvua, linarudi kila mwezi, msikate hogo kwa panga kwa sababu vipe, vyombo vya kuvulia, vinatoka.

Hogo likitoka, gumba litakuwa limekonda na gumu, usiogope. Tia mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi. Gusa kwa ncha ya gumba ncha ya kila kidole, kutoka shahada hadi cha mwisho, ukirudi taratibu. Kisha kamua kitambaa kilicholowa ndani ya maji hayohayo, asubuhi na jioni. Maumivu kidogo ya kunyooka ni sawa. Maumivu makali au uvimbe mpya unaobaki hadi kesho yake maana yake umezidisha, punguza. Wiki za mwanzo shika kikombe, kalamu, kijiko. Kamba ya wavu, usukani wa pikipiki na mipira ya golini ngoja mpaka mkono ulioumia ubane ile karatasi kwa nguvu sawa na mwenzake, na daktari aliyekufunga aseme nenda.